Mpaka Upinde Ushuke

Vingunguti,
19 Januari 2025

Mwanangu mpenzi Marietha,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hukohuko uliko kabla hata hujaifungua barua hii, ndiyo maana naanza kwa kuitikia. Sie wazima. Baba yako Anselmo anachonga vinyago vyake uani, anakohoa vumbi la mpingo kama kawaida, na akiambiwa afunge kitambaa puani anasema atafunga kesho. Supu ya makongoro inatoka, miguu ya ng'ombe bado naipata. Wachinjaji wa machinjioni wanakuulizia kila asubuhi wakija kunywa, na yule mrefu analalamika kwamba tangu uondoke nawanawisha kwa maji ya moto mno, kama nataka kuwanyonyoa. Kwa hiyo hapa hakuna ubaya. Hofu yote nimeipakia kwenye boti ije kwako.

Mama, hiyo bahari uliivukaje? Mie nimekaa Dar miaka yote hii tangu tutoke Newala na sijawahi kuingiza hata kifundo cha mguu. Nilipokusindikiza pale bandarini niliiangalia mara moja tu, nikageuka. Ulikuwa unapunga mkono, nami nampungia mtu mwingine kabisa, machozi yalikuwa yamejaa.

Barua hii anakuja nayo Mudathir, jirani yetu, yule anayepeleka kandambili Pemba na kurudi na karafuu. Mwalimu Shaista wa hicho kituo chenu cha muziki alinieleza kwamba simu zenu ziko ofisini mpaka tamasha liishe, ati masikio ya mwanamuziki yanatakiwa kupumzika. Sikubisha, mwalimu ni mwalimu. Lakini hakuniuliza masikio yangu mie yatafanya nini.

Sasa sikiliza. Kula. Usijifanye mtoto wa watu ukasema umeshiba. Chandarua kichomeke chini ya godoro. Lile selo lako, zeze kubwa kama mtu, usiliache dirishani, baba yako anasema mbao na upepo wa chumvi havielewani. Na ukilipakata vaa gauni refu, usije ukakaa mbele ya kisiwa kizima magoti yako nje.

La mwisho ndilo kubwa. Hilo tamasha la vijana ni tarehe ngapi? Nimeshanunua doti ya khanga, zambarau yenye maua ya njano, nzito, siyo zile za kuonekana mkono ng'ambo. Sijaikata. Imelala kabatini inangoja siku yako, nije nikufute jasho mbele za watu. Nijibu mapema nimwambie Mudathir anishikie nafasi kwenye boti. Nitafumba macho tu, nitafika.

Mama yako anayekuwaza,
Auleria


Mkoani, Pemba
9 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na baba naye shikamoo, mwambie afunge kitambaa leo na siyo kesho. Wachinjaji wote wasalimie, na yule mrefu mwambie maji ya moto yanamfaa.

Mie mzima, mama. Bahari haikuwa na neno, nilitapika mara moja tu na nilijisikia vizuri baadaye. Kituo chetu kiko juu ya kilima. Ukisimama barazani unaona mikarafuu imeteremka mpaka majini, na maji yenyewe yana rangi ambazo sijui nikutajie vipi, kuna mahali ni ya kijani kama doti yako ya Pasaka. Tuko vijana kutoka kila mahali: Unguja, Arusha, Moshi, hata Mbeya. Nalala chumba kimoja na Atuganile, Mnyakyusa, anapiga filimbi. Anaongea hata akiwa usingizini, ungempenda.

Tunafanya mazoezi tangu asubuhi mpaka vidole vinaota sugu. Sugu zangu zimekuwa kama za baba. Mwalimu Shaista ni mkali lakini hana kelele. Ukikosea haongei, anakuangalia tu mpaka ujirudie mwenyewe.

Kula tunakula vizuri. Samaki kila siku. Changu, pono, na pweza wa nazi siku ya Ijumaa. Wanachoma, wanakaanga, wanatia kwenye wali. Hapo ndipo mwanao alipo, usiwe na wasiwasi.

Chandarua nachomeka. Gauni ni refu.

Mwanao,
Marietha


Vingunguti,
23 Februari 2025

Marietha mama,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama noti ya muuza kuku. Baba yako aliposikia habari za sugu aliviangalia vidole vyake, akacheka peke yake siku nzima. Sasa kila anayekuja kununua kinyago anaambiwa, "Binti yangu naye ana mikono kama hii, yuko Pemba, anapiga selo." Wateja wanaitikia tu. Nadhani wanafikiri selo ni ngoma.

Nimefurahi kuhusu samaki. Kweli nimefurahi. Ila nilikuuliza tarehe, mama, na kwenye tarehe ndipo uliposahau.

Nimekuwa nikiwahadithia wenzangu hapa sokoni ile Krismasi ulipopiga kanisani, mbele ya parokia nzima. Unakumbuka? Ulikuwa umetulia na upinde wako, jasho linakushuka hapa kwenye paji, na hakuna mtu aliyeliona isipokuwa mie. Nikainuka na khanga yangu, nikapanda pale mbele, nikakufuta huku napiga vigelegele mpaka koo likakauka. Watu wakasimama wote! Hata mzee wa kanisa alisimama. Nikisimulia hapa Mama Mudathir anasema, "Auleria, wewe kwa kutunza huna mpinzani." Namwambia bado, ngoja Pemba.

Ramadhani inakaribia na Mudathir amesema hatasafiri mpaka Idi ipite, kwa hiyo jibu lako litachelewa. Mie nitangoja. Lakini likija lije na tarehe.

Mama yako


Mkoani, Pemba
6 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Poleni na mvua. Tumesikia Dar maji yamejaa. Huko Vingunguti bondeni kuko salama? Jiko la supu mmelipandisha juu?

Mie niko salama. Atuganile aliumwa malaria lakini amepona. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunafuturu na majirani, wametuzoesha tambi za sukari, nikirudi nitakupikia.

Mama, muziki tunaojifunza huku una utaratibu wake. Watu wanakaa kimya kabisa. Siyo kimya cha kanisani, kile cha watoto kulia na watu kupokea simu. Kimya chenyewe. Mpigaji akinyamaza katikati nao wananyamaza naye, kwa sababu kile kimya nacho ni sehemu ya wimbo. Hata kukohoa mtu anajizuia mpaka uso unabadilika. Juzi kwenye mazoezi tulifika kwenye kimya, jogoo wa jirani akawika. Mwalimu Shaista akasema, "Hakuna kucheka." Tulicheka mpaka Brightson wa kinanda akadondoka kwenye kiti.

Basi nilikuwa nafikiria, mama. Safari ni ndefu, na bahari miezi hii haitabiriki, na wewe unaiogopa. Na supu nani atauza? Usijisumbue. Nikirudi nitakupigia nyumbani, wewe na baba, hapohapo uani. Itakuwa vizuri zaidi.

Samaki bado wapo. Jana tulikula taa wa kukausha.

Mwanao,
Marietha


Vingunguti,
27 Aprili 2025

Marietha,

Marahaba. Sie wazima. Pasaka tumesali. Maji hayakuingia ndani.

Mudathir kaniambia kwamba kwenye geti la kituo chenu kuna tangazo. Tamasha ni Jumamosi tarehe ishirini na moja Juni, na wazazi wote wamealikwa. Nikamwambia pengine hujaliona.

Ile khanga nimeikata. Kipande kimoja nafunikia ndoo ya supu, ni kizito, kinazuia nzi vizuri.

Baba yako anakusalimu.

Auleria


Mkoani, Pemba
11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Shikamoo tena, na tena.

Barua yako nimeisoma barazani na Atuganile akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, mama ameniandikia mistari michache. Akasema, "Basi ni afadhali msiba." Anakujua kwa barua zako za nyuma, namsomeaga.

Tangazo nililiona, mama. Mie ndiye niliyelibandika. Mwalimu alinipa gundi na ngazi.

Nikuambie ile Krismasi nilivyoiona mie kutoka kwenye kiti. Wimbo ulikuwa haujaisha. Nilikuwa nimefika kwenye kimya, nimeinua upinde hewani, nasubiri kuurudisha kwenye nyuzi. Wewe ukadhani nimemaliza. Ukapanda na khanga, ukanifuta, upinde ukanasa kwenye pindo, ukavuta, nami nikavuta. Watu walisimama kuangalia nani atashinda, mama. Walisimama kwa kucheka. Sehemu ya mwisho sikuipiga kabisa, na ndiyo niliyokuwa nimeifanyia mazoezi zaidi. Shuleni waliniita Jasho mpaka namaliza kidato cha nne. "Jasho, njoo ubaoni." Sikukuambia kwa sababu ulirudi nyumbani siku ile umefurahi mno, ukachinja kuku.

Safari hii nitapiga peke yangu. Sijakuambia hilo pia. Mwalimu Shaista amenichagua nifunge tamasha, kipande cha taratibu, kina vituo vya kimya vinne, na kile cha mwisho ni kirefu mpaka mie mwenyewe nikifika hapo naogopa. Nikafikiria mama akiwepo. Halafu nikafikiria mama asipokuwepo. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, ila nilichelewa kuigundua.

Njoo, mama. Tafadhali njoo. Ila unisaidie kitu kimoja. Nikinyanyua upinde juu, bado. Nikifumba macho, bado. Hata nikae kama nimelala, bado. Nitakapoushusha upinde na kuulaza mapajani, hapo nimemaliza. Mpaka upinde ushuke, mama.

Mwanao anayekuomba msamaha,
Marietha


Vingunguti,
1 Juni 2025

Mwanangu Marietha, mama yangu, Jasho wangu,

(Usikasirike. Nimelijaribu tu hilo jina nione lina ladha gani. Halina ladha mbaya.)

Marahaba! Sie wazima, wazima sana. Barua yako niliisoma, nikampa baba yako naye anisomee kwa sauti, nisije nikawa nimeruka neno. Alipofika kwenye upinde kunasa nikamuuliza, "Kwani wewe hukuona?" Akasema, "Niliona. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo." Nikaona aibu, kisha nikacheka, kisha nikaona aibu tena mpaka supu ikaungua. Wachinjaji wamekula hivyohivyo, wanasema ni ladha mpya.

Pole, mwanangu. Ningejua nisingevuta.

Lakini na mie nikuambie ya kwangu, sijawahi kuyasema. Kwetu Newala binti akicheza mbele za watu na jasho likamtoka, halafu asiinuke mtu wa kumfuta, watu wanaulizana chinichini: huyu wa nani? Mie siku niliyotolewa unyagoni nilicheza, na mama alikuwa mgonjwa ndani, hakuweza kutoka. Nilicheza na jasho likaniingia machoni. Ndiyo maana nikiona jasho usoni mwako miguu inainuka yenyewe, haingoji ruhusa yangu. Sikutaka mtu yeyote aulize wewe ni wa nani.

Sasa nimeelewa. Nafanya mazoezi. Baba yako anachonga, na mie nakaa kwenye kigoda mbele yake, nimekunja mikono. Akiinua tezo akaacha hewani, nanyamaza. Akilaza tezo mapajani, napiga kigelegele. Siku ya kwanza alisimama tu kujikuna, nikapiga, kuku wa jirani wakatawanyika. Akasema, "Auleria, bado!" Siku hizi naweza. Jana alinyanyua tezo akaenda nalo chooni, nami nimekaa kimya mpaka akarudi. Mama Mudathir alichungulia akauliza kama tumegombana.

Nafasi kwenye boti ninayo. Mudathir atakaa nami. Baba yako atabaki na supu, Mungu awalinde wachinjaji. Kile kipande cha khanga cha pili, kizuri, kiko kabatini. Nitakuja nacho lakini kitakaa ndani ya mkoba, na mkoba nitaukalia.

Mpaka ushuke. Nimesikia.

Mama yako


Vingunguti,
25 Juni 2025

Marietha mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama, na Mudathir amefika, na mkono wake umefika ingawa nilikuwa nimeung'ang'ania njia nzima na umebaki na alama za kucha. Baba yako mzima. Supu aliiuza bila chumvi, siku mbili, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwa sababu ya lile tezo.

Utaniambia mbona naandika, na simu umerudishiwa, na wiki ijayo wewe mwenyewe unarudi. Nami nakuambia kwenye simu nitalia na salio litaisha. Tena wewe ulikuwa umekaa kule mbele unapiga, hujui upande wetu ulikuwaje. Nikuhadithie upande wa mabenchi.

Kwanza bahari. Nilikaa ndani, katikati kabisa, ndimu mkono huu na rozari mkono huu. Pembeni yangu kulikuwa na bibi mmoja wa Chake Chake ana tasbihi yake. Boti ikiinuka, mie navuta punje na yeye anavuta punje. Ikitua tunaangaliana. Tulipofika akaniambia, "Mwanangu, leo tumesali sana mimi na wewe." Nikamwambia naenda kumsikiliza binti yangu. Akasema basi na yeye atakuja, hana haraka.

Nikapandishwa kilimani. Mama, hukunidanganya kuhusu yale maji. Nilisahau kuyaogopa kidogo.

Ukumbini nilikaa mstari wa pili, mkoba chini yangu kama nilivyokuahidi, bibi wa boti kulia kwangu. Kushoto alikaa baba mmoja mwenye suti na kitambulisho shingoni, mgeni wa heshima fulani, ananukia marashi. Vijana wakapiga, wakapiga. Atuganile na filimbi yake alinitoa machozi, kumbe yule muongeaji wa usingizini ana pumzi hivyo! Kisha ukatoka wewe na gauni refu. Ukakaa. Ukalipakata selo. Nikaikunja mikono kama mbele ya tezo.

Sijui nikuambie nini kuhusu ule muziki. Sina maneno ya muziki. Ulianza chini kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kimya cha kwanza, nikanyamaza. Cha pili, nikanyamaza. Cha tatu jasho likaanza hapa kwenye paji, nikaliona, na miguu ikaanza ujinga wake. Nikaikanyaga, mguu juu ya mguu.

Kikaja kile kirefu. Ukainua upinde, ukafumba macho. Hakuna hata nzi. Na yule baba wa suti, mtu mzima na elimu yake, akaona umemaliza, akanyanyua mikono apige makofi! Marietha, sikufikiri. Nilimdaka viganja vyote viwili hewani, kama mtu anayedaka kuku. Nikamnong'oneza, "Bado, baba! Upinde haujashuka!" Akanitolea macho. Bibi wa boti naye akamwinamia: "Umeambiwa bado." Akatulia kama mtoto. Nikabaki nimemshikilia mikono mpaka ulipourudisha upinde kwenye nyuzi na kupiga ile sehemu ya mwisho, ambayo Krismasi ile niliila. Ndiyo kwanza naisikia. Kumbe ndiyo tamu kuliko zote. Kumbe ndicho nilichokunyima!

Ukaushusha upinde. Ukaulaza mapajani.

Na mie sasa nikafungua mdomo nipige kigelegele, nikaona hakipo. Kimekwenda. Nimekifanyia mazoezi mwezi mzima na kimekwenda! Watu wamesimama, makofi kama mvua juu ya bati, yule baba wa suti anapiga kuliko wote, na mie nimekaa juu ya mkoba, miguu ambayo siku zote haingoji ruhusa leo imegoma. Nikasema moyoni, basi, watauliza huyu ni wa nani.

Hapo ndipo ulipofanya ulichofanya. Ukalilaza selo pembeni taratibu, ukashuka ngazi, ukaja mstari wa pili mbele ya macho ya watu wote, ukachuchumaa, ukanisogezea uso. Ukasema, "Mama, jasho."

Nikaufungua mkoba. Na wewe unayajua yaliyobaki, lakini acha niyaandike ili nami niwe nayo. Kwa haraka zangu za kufungasha nilikuwa nimechukua kipande siyo chenyewe. Nilichomoa kile cha ndoo. Sikuwa na kingine, nikakufuta nacho hivyohivyo, paji, mashavu, shingo. Ukavuta pumzi mle ndani. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani unalia. Ukatoa uso unacheka, ukapaza sauti ukumbi wote usikie: "Mama, makongoro!"

Na kigelegele kikaja. Kilikuwa kimekwama kwenye kicheko tu. Nikapiga mimi, akapiga bibi wa boti, wakapiga wanawake wa Mkoani waliosimama milangoni, na Mwalimu Shaista, aliyekuwa akiwaangalia tu mkikosea, nilimwona kwa macho yangu anajaribu kupiga chake. Hajui. Mwambie aje Vingunguti nimfundishe.

Umebaki na kile kipande. Baba yako ananiuliza ndoo tufunikie nini, nimemwambia afunike na kofia yake. Usinirudishie, na usikifue haraka. Kile kizuri kiko hapa kabatini, kimekunjwa, ndiyo doti yetu hiyo, nusu kwako nusu kwangu.

Mwalimu amesema mwakani kuna tamasha jingine. Niambie tarehe. Na safari hii usinijibu habari za samaki.

Mama yako,
Auleria wa Marietha